"Wee" kutwa nzima: siku moja ya mhudumu wa wazee Glasgow, Uskoti

Saa 12 na nusu asubuhi. Kituo cha Govan, treni ya chini ya ardhi. Vituo vyake 15 tu, inazunguka mduara tangu 1896, na mabehewa ni madogo utadhani ya kuchezea.

Saa 1 na robo. Nafungua mlango wa bibi wa kwanza. "A wee cup of tea, hen." Leo nacheka, ila wiki yangu ya kwanza neno hilo lilinichoma. Kwetu Tanga mtu akikuambia "wee!" ujue pana ugomvi. Halafu ananiita kuku! Kumbe "wee" ni kidogo, na "hen" ni kama mtu kusema mwanangu. Na hicho kikombe si kidogo hata. Ukikijaza uji unalisha watoto wawili. Ni kama sisi tunavyosema "njoo kidogo", kisha unashikiliwa saa nzima.

Saa 4. Babu wa Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa. Yeye hana "wee", ana "peerie". Kilicho kidogo kupita kiasi ni "peerie-mootie". Anaokota chembe ya mkate kwenye blanketi, anaibana kwa vidole viwili, ananionyesha. Namwambia sisi twaita kiduchu. Analirudia mpaka naondoka.

Saa 7. Chapati ya jana, kituo cha basi, mvua.

Saa 8. Mzee wa London. Sukari anataka "a tad", yaani kidogo tu, na kitukuu chake anakiita "titch", kadogo. Neno hilo, anasema, ni la mchekeshaji Little Tich, Harry Relph, aliyezaliwa 1867, kimo futi 4 na nusu. Utotoni alikuwa kibonge, wakamfananisha na bwana mmoja mnene aliyedai urithi wa ukoo wa Tichborne. Yaani neno la udogo limetoka kwa pande la mtu! Hili nimelipenda kuliko yote.

Saa 10. Bibi wa mwisho anaanza, "I need a wee..." Simsubiri amalize. "Wee" pia ni mkojo kwa lugha ya kitoto, basi namkokota mbiombio hadi msalani. Anakaa, ananitazama. "...a wee blether, hen." Alitaka tupige soga. Tukaipiga humo humo.

Saa 2 usiku. Ujumbe wa msimamizi: kesho naweza kumshikia mtu "a wee shift"? Natazama ratiba. Ni zamu ya saa 12 mfululizo.