Maandamano Yanapogeuka Vitisho
Sikubali kwamba kelele, hasira au barabara iliyofungwa kwa saa chache ni vurugu. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikifafanua ibara ya 21 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, inayolinda haki ya kukusanyika kwa amani, ilieleza kwamba kusukumana tu, au kukwamisha magari na shughuli za kila siku, hakuhesabiwi kuwa vurugu.

Mpaka, kwa maoni yangu, huvukwa pale mtu anapotiwa hofu juu ya mwili wake, nyumba yake au watoto wake. Umati unaoimba mbele ya bunge unamtaka mbunge asikie. Wanaoizingira nyumba yake usiku, wakitaja shule wanayosoma wanawe, wanamtaka aogope, hata kama hawajarusha jiwe lolote. Maofisa wa usalama wasiovaa sare, wanaowafuata waandamanaji hadi majumbani mwao, wanatenda jambo lile lile, tena zito zaidi, kwa kuwa wamebeba mamlaka ya dola.

Hata hivyo, kosa la mrusha mawe mmoja lisiwanyang'anye haki maelfu waliotembea kwa amani. Akamatwe yeye, nao waachwe waendelee.