Siku Moja Maishani Mwangu: Pizza ya Nyama na Yai, Forodhani

Saa 2 asubuhi. Kazi yangu ya kupika pizza ya Zanzibar huanzia Darajani, mjini Zanzibar, katika soko lililojengwa mwaka 1904, na kituo changu cha kwanza ni kwa muuza nyama. Huchagua mnofu wa ng'ombe usio na mafuta mengi na kusimama hapo hadi usagwe, kwa sababu mafuta yakizidi huvujia kwenye unga na kuulegeza kabla haujaiva. Vitunguu, tungule, pilipili boga na mayai hununuliwa upesi.

Saa 5. Nyumbani nakanda unga wa ngano kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, bila hamira. Hapo ndipo pizza ya Zanzibar inapoachana na ile ya Napoli, Italia, ambayo unga wake huumuliwa, kisha ikaokwa katika tanuri la kuni kwa muda usiozidi dakika moja na nusu. Yetu ni jamaa ya mutabbak ya Yemen, mkate mwembamba unaojazwa na kukunjwa, na mkate wa mayai wa Mombasa, na siri yake yote imo katika kuupumzisha unga. Navigawa vitonge, navipaka mafuta mengi, kisha naviacha hadi alasiri, kwa kuwa kitonge kilichoharakishwa hujikunja kila unapokivuta na mwisho wake hupasuka. Nyama naichemsha kwa tangawizi, thomu na chumvi hadi ikauke.

Saa 11 jioni. Nimeshawasha mkaa Forodhani, kati ya Ngome Kongwe na bahari, katika bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati. Vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, na wateja bado ni wachache.

Saa 1 usiku. Baada ya Magharibi ndipo kazi inapopamba moto. Nakitandaza kitonge kwa viganja juu ya meza iliyopakwa mafuta, nikivuta kutoka katikati kwenda pembeni mpaka mbao za meza zionekane kupitia unga. Katikati naweka kiraka kidogo cha unga, kwa sababu hapo ndipo uzito wote utakapokaa. Katika bakuli nachanganya nyama, kitunguu, tungule na pilipili boga, nikaongeza jibini na mayonesi kidogo, kisha navunja yai na kukoroga mara chache tu. Mchanganyiko ukishamwagwa juu ya kiraka, nakunja pembe nne kuelekea kati, na pizza inatua juu ya chuma chenye samli. Moto uwe wa wastani: ukiwa mkali, nje huungua na yai likabaki bichi, ukiwa hafifu, unga hunywa samli.

Saa 2 na nusu. Mzee mmoja wa Mji Mkongwe, mteja wangu wa muda mrefu, amefika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nipigie moja ya nyama, na pilipili usinionee huruma."

Karibu naye amesimama mgeni kutoka Italia, ambaye anasema kwa upole kwamba hii si pizza. Namjibu kwamba naiheshimu sana sanaa ya wapishi wa Napoli, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2017, lakini hapa chuma na samli vina haki ileile ya kuheshimiwa, kisha namkatia kipande ajionee mwenyewe.

Saa 4. Vijana wanaulizia pizza ya chokoleti na ndizi, ambayo majirani zangu huiuza kwa wingi. Nawaelekeza huko bila kinyongo, kwa kuwa riziki haigombaniwi, lakini kwenye chuma changu haitapikwa. Chokoleti huficha ladha ya unga, na mpishi mwenye unga mbaya anaweza kuiuza mwaka mzima bila mtu kugundua. Nyama na yai havimfichi mpishi hata kidogo. Ladha hii ndiyo niliyoikuta mikononi mwa walionifundisha, na ndiyo ninayotaka anayejifunza kwangu aijue kabla ya nyingine yoyote.

Saa 5 na nusu. Nakisugua chuma kwa chumvi na kitambaa, bila sabuni, huku mpwa wangu akivuta kitonge cha mwisho. Kimepasuka katikati. Namwambia asikizibe, bali akifinyange upya, akipake mafuta na kukipumzisha, kisha aanze tena.