Kalipa za mbele nilizokataa kubadilisha

Gari yenyewe ni ile ya kujiundia, zile zilizoiga Lotus Seven ya Colin Chapman ya mwaka 1957, yaani fremu ya mabomba, bodi nyepesi, injini mbele na mlango hakuna. Aliyeiunda kabla haijaja kwangu alichukua vyuma vingi vya mbele kwenye Ford Cortina, pamoja na kalipa (kile chuma chenye pistoni zinazosukuma pedi kubana diski ya breki), na gari ilikuwa imekaa muda mrefu sana imefunikwa turubai. Nilipoanza kuiendesha nikaona kila nikikanyaga breki inavuta kushoto. Mwanzoni kidogo tu, unaweza kusema ni barabara, alafu ikawa unashika usukani kwa nguvu kabisa, na ukishuka ile rimu ya kushoto ni ya moto na kuna harufu ya pedi kuungua.

Sasa nina jamaa yangu mmoja ambaye kwake dawa ya kila ugonjwa wa gari ni kununua kitu kikubwa zaidi. Akaja, akachungulia katikati ya spoku, akacheka. "Kaka, hizi toa tupa kule. Weka kalipa za aluminiamu za pistoni nne, diski kubwa, maliza kazi." Nikamwambia ngoja kwanza nifungue nione kuna nini.

Siyo ubahili (ni ubahili pia kidogo, sikatai). Ni kwamba Cortina ilikuwa gari ya familia, uzito wake unakaribia mara mbili ya hako kagari kangu, na hizo kalipa zilikuwa zinaisimamisha vizuri tu ikiwa na watu na mizigo. Na mwisho wa siku kinachosimamisha gari ni tairi, kama kalipa uliyonayo tayari inaweza kufunga gurudumu likaburuzika basi ukiongeza pistoni unaongeza nini sasa? Alafu kuna hesabu ambayo watu wa kununua huwa wanairuka. Pistoni ikitoka milimita 48 kwenda 54 unaona kama tofauti ndogo, lakini eneo lake linapanda kama asilimia 27, na mafuta ya breki ya kujaza hilo eneo yanatoka kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) ile ile ya zamani, kwa hiyo pedeli inaenda chini zaidi. Hapo itabidi ubadilishe na masta silinda, na ukishafika huko rimu nazo zinaanza kugusa kalipa. Unanunua kitu kimoja kumbe umenunua vinne.

Nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikatoa magurudumu. Upande wa kulia pedi zimelika sawasawa. Kushoto ile ya ndani imebaki kidogo sana na ya nje bado nzima kabisa, diski upande wa ndani imegeuka rangi ya bluu. Hapo tayari unajua pistoni ya ndani imeganda, inatoka ila hairudi.

Kuitoa ndo ilikuwa shughuli. Wengi hapo hukimbilia kompresa, mi sipendi, pistoni ikichomoka kwa upepo inatoka kama risasi na kidole kikiwa njiani ndo basi. Nilichofanya ni kuacha kalipa imeungwa na hozi yake, nikatoa pedi, ile pistoni nzima nikaibana na klempu isitoke, kati ya klempu na pistoni kipande cha mbao, alafu nikawa nakanyaga pedeli taratibu. Presha ikikosa pa kwenda inaenda kwa ile iliyoganda. Kanyaga, tazama, kanyaga, tazama. Haitikisiki. Pedeli ngumu kama naikanyaga ardhi. Nikaimwagia dawa ya kulainisha kutu pembeni, nikaiacha, nikarudi tena kukanyaga, mara ikalia "krrk" ikasogea unene wa ukucha, na kuanzia hapo ikaja yenyewe polepole huku inatoa mafuta meusi kama chai ya rangi.

Kuitazama ile pistoni tu ukajua kila kitu. Ile sehemu iliyokuwa ndani ya mafuta inang'aa bado, sehemu ya nje ambapo kile kiraba cha kuzuia vumbi kilikuwa kimechanika, maji yameingia, kromu imetoboka vishimo vidogo vidogo ukipitisha ukucha unakwama. Na mfereji unaokaa sili ulikuwa umejaa unga wa kutu. Hii sili watu wanaidharau lakini ndo inayofanya kazi yote, ni mpira wa pembe nne, ukikanyaga breki pistoni inasonga na mpira unajipinda nayo, ukiachia mpira unajinyoosha unairudisha pistoni nyuma kidogo sana, basi hicho kidogo ndo kinafanya pedi isiendelee kukwaruza diski. Hakuna springi humo ndani. Sasa mfereji ukijaa kutu mpira hauna pa kujipindia, unaibana pistoni tu.

Nikasafisha mifereji kwa kijiti cha plastiki, siyo bisibisi, ukikwaruza chuma hapo umeua kalipa. Nusu mbili za kalipa sikuzitenganisha, zile bolti za katikati waundaji wenyewe wanasema usiguse na mimi sina sababu ya kubishana nao. Pistoni nikaweka mpya za chuma kisichoshika kutu, pande zote mbili, sili mpya, viraba vipya, vyote nimevipaka grisi nyekundu ya mpira. Grisi ya kawaida ya bearingi hapana, inavimbisha hizo sili na utarudi ulipotoka. Hozi pia nikabadilisha, nikazungusha usukani hadi mwisho kila upande kuhakikisha hazigusi tairi.

Kupaka rangi nilipita haraka, nyeusi, nikiacha sehemu pedi zinapoteleza. Jamaa alitaka nyekundu. Kabla ya kupaka niligonga alama ya kushoto na kulia kwa nyuma, maana zikishapakwa zinafanana kama mapacha, na ukizigeuza ile nipeli ya kutolea upepo inakaa chini, upepo unabaki juu ya kalipa, utatoa upepo mpaka usiku na pedeli itaendelea kuwa laini tu.

Mafuta ya breki nikamwaga yote nikaweka mapya ya daraja la DOT 4, ya kopo jipya. Haya mafuta yanavuta maji hewani, yakiwa mapya kiwango kinataka yachemke si chini ya nyuzi 230, yakishakula maji kile kiwango cha chini ni 155 tu, na yale yangu ya zamani Mungu ndo anajua yalikuwa yamefika ngapi.

Nikatafuta barabara tupu, kwanza breki nyepesi nyepesi kuzoesha pedi na diski, napunguza mwendo bila kusimama kabisa, naacha zipoe, narudia. Alafu nikakanyaga kwa nguvu huku mikono imeshika usukani kiulegevu. Ikalala mbele, ikasimama palepale kwenye mstari. Jamaa alikuja na kile kipimajoto cha kuelekeza, akapima diski ya kushoto, akapima ya kulia, akarudi tena kushoto kama mtu anayetafuta kosa. Zilipishana kidogo mno.

"Sawa bana," akasema, "ila nyeusi haionekani kabisa."

Nikamwambia kwani unaziendesha kwa kuziangalia.