Michenzani ya mwaka 2080: kumbukumbu ya wiki ya 9 hadi ya 12

Wiki ya 9. Kwenye mchoro wangu wa kompyuta wa Michenzani, mtaa wa maghorofa wa Unguja, nimefuta minara yote ya vioo. Kila niliyemwonyesha aliisifu, lakini ingeweza kusimama Dubai au popote pale. Mimi nilianza kuchora mji baada ya sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la 1883 la Mji Mkongwe, kuporomoka Desemba 2020. Nataka mji ujao ambao mtu wa Unguja ataingia na kujua yuko kwao.

Nimerudi kwenye boriti. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, nazo hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Urefu wa mti ndio uliopanga nyumba. Basi ndani ya Blender, programu ninayochorea, nimeweka gridi ya mita 3, na kila kitu kinaifuata: chumba, ngazi, roshani, baraza. Mikoko yenyewe ibaki ufukweni, tunaihitaji huko. Ninachokichukua ni kipimo chake. Usiku uleule nafasi kati ya yale maghorofa marefu ya Michenzani ilianza kuwa mtaa.

Wiki ya 10. Ukuta mmoja, siku tatu. Chokaa si nyeupe. Juu ina umanjano kidogo, chini ya mchirizi ina weusi wa ukungu, na kuanzia kimo cha goti kwenda chini chumvi imeibandua hadi jiwe la matumbawe linaonekana na vitundu vyake. Nimevichora vitundu kwa mkono.

Wiki ya 11. Vivuli vilinisumbua sana. Mtaa wangu unakwenda mashariki hadi magharibi, na picha ya Juni saa sita mchana ilitoa kivuli cha mita 3.7 tu kwa nyumba ya mita 12. Nikahangaika na taa siku mbili. Kumbe kwenye Sun Position, sehemu ya Blender inayopanga mahali pa jua, niliandika latitudo 6.16 bila alama ya kutoa, nikauhamishia mji wangu kaskazini ya Ikweta! Niliporekebisha, kivuli kikafika karibu mita 7.

Kosa hilo limenipa jambo zuri kuliko yote ya mradi huu. Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo kivuli kinatoka kwenye nyumba za upande wa kaskazini. Desemba, kaskazi inapovuma na joto kupanda, jua limehamia kusini na kivuli kinatoka upande wa pili, kifupi zaidi. Nimejenga baraza pande zote mbili. Wazee wa bao watavuka mtaa mara mbili kwa mwaka, na kahawa itawafuata.

Wiki ya 12. Mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini, mtaa mzima hauna kivuli. Nikatandaza vitambaa kutoka paa hadi paa, nikampelekea babu yangu, aliyekuwa fundi wa chokaa. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

“Mjukuu wangu, pamependeza. Masika yakiingia, maji haya yatakwenda wapi?”

Sikuwa na jibu. Vitambaa nimeviondoa. Sasa nachora mapaa membamba ya mita 3 yanayoinamia katikati, na chini yake mfereji unaoingia kwenye birika la kuhifadhia maji. Picha ya mvua inaendelea kutengenezwa. Kompyuta imeshinda na kukesha, na mpaka sasa imemaliza robo.