Kotmiri yangu ilipotoa maua nikaacha kuing'oa

Mi naishi Tabata, nyumba ya kupanga, nina kajisehemu kadogo nyuma ya jiko kanakopata jua la asubuhi, na kilichonifanya nianze kupanda ni kotmiri tu. Unanunua fungu sokoni, unatumia vijiti vitatu, keshokutwa lililobaki limeshalegea kwenye friji unatupa. Nikasema basi, napanda yangu.

Nikapanda Januari, na hapo ndipo nilipokosea. Nilichukua giligilani, yaani mbegu za kotmiri, za dukani zile zile za pilau, nikazimwaga kwenye ndoo ya mafuta niliyoitoboa chini, zikaota vizuri nikafurahi, wiki ya tano hivi naona shina linarefuka katikati, majani yamekuwa membamba kama ya karoti, mara maua meupe hayo. Kotmiri haiwezi joto la Dar la miezi ile, likizidi inakimbilia kuzaa mbegu na majani haina habari nayo tena. Niliumia kwa kweli, nilikuwa nimechuma mara mbili tu.

Nikaanza kung'oa. Nimefika kama nusu ya ndoo, mikono inanukia kotmiri tupu, nikawaza, kama harufu yote hii ipo huku juu si yanalika haya? Ukiyaangalia karibu ni mazuri jamani, yamekaa kama mwavuli mdogo, petali za pembeni ndefu kuliko za ndani, mengine yana uwaridi kwa mbali. Nikatia kishada kimoja mdomoni. Ladha ni ya jani lakini nyepesi, na utamu kidogo mwishoni. Nikaacha kung'oa palepale.

Jioni nikayatia kwenye mchuzi wa nazi wa samaki changu unachemka, yakapotea kabisa, huyaoni wala huyasikii. Maua haya hayataki moto. Sasa hivi nazima jiko kwanza, sufuria ishushwe, nipakue, ndio nanyunyiza juu ya bakuli. Ila yanapofaa zaidi ni kwenye kachumbari: kitunguu umeshakikamua na chumvi, nyanya, tango, ndimu, halafu maua kiganja kizima dakika ile ile unayopeleka mezani, maana ukiyaweka mapema ndimu inayanyong'onyeza. Mume wangu ambaye majani ya kotmiri anasema yanamnukia sabuni, hii anakula na kuongeza.

Nikapata hamu nikahamia kwenye mrehani. Kwetu tumezoea mrehani ni wa kikuba na wa kuweka nguo zinukie, mama yangu alishangaa kusikia nautia kwenye chakula, lakini maua yake ukiyapukuchua kwenye kikonyo (kikonyo chenyewe kichungu, tupa) ukayachanganya na yai la kukaanga, aisee. Siku moja nilikuwa na wageni, nikachuma haraka nikasuuza juujuu, sisimizi wakatoka kwenye sahani mbele za watu. Nilisikia aibu sana. Tangu hapo nachuma asubuhi umande ukishakauka, nakung'uta kila kishada juu ya karatasi nyeupe, nachovya kwenye maji ya chumvi dakika chache, nayatandaza kwenye kitambaa safi yajikaushe. Na chochote ninachokula maua yake sikipulizii dawa, vidukari wakija nawaosha na maji ya sabuni kwenye majani na mashina tu. Maua ya kununua ya kupamba msile, yale yanapigwa dawa, na msijaribu ua msilolijua, mnanaha kwa mfano (si mnanaa wa chai) una ua zuri jeupe na ni sumu.

Sasa kitu ambacho ningetamani nikijue mapema, maua usiyachume yote. Acha kama nusu, nyuki watakuja wenyewe, na baada ya muda yanageuka vipunje vya kijani. Hivyo vipunje vibichi ndio hazina! Ukitafuna kimoja kinapasuka, unapata kotmiri na kama ganda la ndimu kwa pamoja, sijawahi kukiona kinauzwa popote. Mi nakitwanga kwenye kinu na thomu, pilipili mbuzi na chumvi, napaka kwenye vibua nilivyovichanja, vinakaa nusu saa ndio naingiza kwenye mafuta. Hapo hata ugali mkavu unashuka. Visivyotwangwa vinakauka palepale kwenye mmea vinakuwa giligilani ya pilau na mbegu ya kupanda tena, yaani ndoo moja inakulisha mara nne, na mi nilikuwa naitupa.

Kupanda kwenyewe sasa hivi naanza Juni hali ya hewa ikipoa. Kila punje ina mbegu mbili ndani, nabiringisha chupa juu yake taratibu zigawanyike, naloweka usiku mmoja, napanda hapohapo zitakapokulia kwa sababu mzizi wake ni mrefu na hautaki kuhamishwa. Kuota ni kama siku 8 mpaka 14, msikate tamaa siku ya tano. Na kila baada ya wiki tatu napanda ndoo nyingine, ili ndoo moja ikiwa kwenye majani nyingine ina maua na nyingine ina vipunje. Leo nina tatu, ile ya ukutani imejaa nyuki asubuhi yote sijaigusa, nimechuma ya mlangoni kwa ajili ya kachumbari ya mchana.