Sweden mshahara wako wanaujua, na mlango wako pia

Nianze na mshahara maana najua wengi ndo mnachotaka kusikia. Huku Sweden mshahara wako sio siri. Simaanishi kwamba watu wanautangaza, kwanza Mswidi ukimuuliza analipwa shingapi anakuwa mwekundu na kuanza kuongelea hali ya hewa, namaanisha kisheria: kipato chako cha mwaka kinachotozwa kodi, Skatteverket (mamlaka yao ya kodi) wakishamaliza mahesabu yao, ni taarifa ya umma na mtu yeyote anaweza kuiomba. Jirani, mwandishi wa habari, mpenzi wako wa zamani, kampuni unayoombea kazi. Yeyote.

Mimi hiyo sheria niliitumia vizuri tu. Nilikuwa divelopa kwenye kampuni ya ukubwa wa kati Stockholm, upande wa seva na data, na kila mwaka huku kuna kikao kinaitwa lönesamtal, unakaa na chifu wako mnaongelea mshahara. Vikao vya mwanzo nilikuwa naingia mikono mitupu, naambiwa kazi yako nzuri sana tunakushukuru, naongezewa kidogo, nasema asante naondoka. Dada mmoja wa chama cha wafanyakazi pale ofisini akaniambia we vipi, si upige simu Skatteverket? Nkapiga. Nikataja jina la mwenzangu niliyekuwa nakaa nae dawati moja, kazi ile ile, yeye alinitangulia kuingia kidogo tu, mama wa kwenye simu akanisomea kipato cha mtu kama anayesoma saa ukutani. Hakuniuliza mimi nani wala nakitakia nini, na hata angetaka haruhusiwi, sheria inamlinda anayeomba nyaraka asilazimishwe kujitambulisha. Nikagawanya kwa 12 nyuma ya bahasha na nikaona tunapishana krona elfu sita kwa mwezi.

Kikao kilichofuata nikaenda na ile bahasha na takwimu za mishahara za chama, maana vyama kama Unionen na Sveriges Ingenjörer vinakusanya mishahara ya wanachama kwa fani, kwa eneo, kwa miaka ya uzoefu, ukiwa mwanachama unaziona. Chifu akazisoma, akaweka kikombe chini, akasema nipe wiki moja. Elfu sita zote sikupata, nilipata nne, na sikuhitaji kupaza sauti wala kutishia kuacha kazi. Ndo maana mtu akiniambia uwazi wa Sweden ni ushamba huwa namwangalia tu.

Huu uwazi una miaka. Ulianza na sheria ya uhuru wa uchapishaji ya 1766, aliyeipigania sana ni mchungaji mmoja anaitwa Anders Chydenius, alitokea Ufini wakati Ufini bado ni sehemu ya Sweden. Wazo lenyewe ni kwamba karatasi za serikali ni za wananchi mpaka pawe na sheria inayosema hii ifichwe, yaani siri ndo inatakiwa ijieleze. Mpaka leo unaweza kuomba barua pepe za waziri, risiti zake, mikataba ya manispaa. Mwaka 1995 naibu waziri mkuu Mona Sahlin ilijulikana amenunua vitu vyake binafsi kwa kadi ya serikali, wenyewe wanaikumbuka kwa chokoleti za Toblerone, na akajiuzulu. Toblerone! Kuna nchi watu wanakula barabara nzima na lami yake.

Sasa geuza upande wa pili. Andika jina langu kwenye baadhi ya zile tovuti za kutafuta watu, ziko kadhaa na hazijifichi, unapata umri wangu na siku ya kuzaliwa, mtaa, ghorofa, namba ya nyumba kwenye hiyo ghorofa, simu, na jina la ninayeishi nae. Bure, bila kujisajili. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa kwenye fika, ile mapumziko yao ya kahawa ambayo usipohudhuria wanakuona una matatizo, mwenzangu akanionyesha kwenye simu yake kwa furaha kabisa, "ona, upo ghorofa ya tatu!" Yeye aliona ni kachekesho. Mimi nilikuwa nawaza jamaa mmoja aliyekuwa ananitukana mtandaoni wiki nzima kwa sababu ya rangi yangu, kumbe muda wote huo mlango wangu upo sekunde chache tu kutoka kwenye kibodi yake.

Utasema si kuna sheria ya Ulaya ya kulinda data, GDPR? Ipo. Na cha kuchekesha zaidi ni kwamba Sweden ndo nchi ya kwanza duniani kuwa na sheria ya taifa ya kulinda data, Datalagen ya 1973, kabla hata komputa hazijaingia majumbani. Ila hizi tovuti zinachukua cheti kinaitwa utgivningsbevis, kilichotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya habari, na ukishakuwa nacho unalindwa na katiba kama gazeti, GDPR inabaki inagonga mlangoni. Gazeti gani sasa hilo, habari yake kubwa ni namba ya fleti yangu? Namba ya simu wengi wao wanaitoa ukiwaomba. Anwani ni kazi, na kufichwa kabisa kwenye rejista ya wakazi ni kwa mtu mwenye tishio linaloeleweka, na hayo maisha ya kujificha nayo ni magumu kivyake. Afadhali mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliwawekea breki wanaobeba hukumu za jinai kwa wingi kutoka mahakamani na kuzigeuza kanzidata za kutafutia watu kwa majina. Ni hatua, ila anwani bado zipo.

Wanaoumia zaidi ni wazee. Tapeli anachukua orodha ya watu wa miaka themanini wanaoishi peke yao, anapiga simu, anajua jina lako, mtaa wako, umezaliwa lini, anajifanya wa benki, na mama wa watu anaamini maana angejuaje hayo yote? Anaambiwa afungue BankID, apu ya kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, athibitishe kitu, akithibitisha tu hela imeondoka.

BankID. Hapa lazima nikae kidogo, maana huwezi kuelewa maisha ya huku bila hii apu. Ilianza 2003, inamilikiwa na mabenki, watumiaji wamepita milioni 8 kwenye nchi yenye watu kama milioni kumi na nusu. Unaitumia kuingia benki, kusaini mkataba wa nyumba, kusoma vipimo vyako vya hospitali, kukubali makadirio ya kodi (unabonyeza mara mbili umemaliza, hilo nawavulia kofia), kuchukua kifurushi, hata jengo letu chumba cha kufulia unakibuki kwa apu inayotaka BankID. Na usicheze na chumba cha kufulia, ukichelewesha nguo kwenye mashine dakika tano utakuta karatasi imebandikwa, haina jina, imeandikwa kwa adabu ila hasira unaisikia mpaka kwenye wino.

Tatizo ni namna ya kuipata ukiwa mgeni. BankID inataka akaunti ya benki, benki inataka personnummer (namba yako ya utambulisho ya taifa) na kitambulisho, kitambulisho cha Skatteverket kinataka uwe umeandikishwa kama mkazi, na kuandikishwa kunataka wajiridhishe utakaa mwaka au zaidi halafu usubiri. Personnummer yenyewe ilianza 1947, ni tarehe yako ya kuzaliwa na tarakimu nne, ya tatu kati ya hizo inasema we mwanaume au mwanamke (witiri au shufwa), ya mwisho ni ya kuhakiki, kwa hesabu ile ile ya Luhn inayotumika kwenye kadi za benki. Divelopa yeyote aliyefanya kazi huku ameshaandika hiyo fankshen. Mimi niliandika fomu inayokagua namba za watu wengine wakati mwenyewe bado sina, kila nikitesti mfumo naweka namba ya majaribio na roho inaniuma. Ofisini nalipwa vizuri, lakini Swish, ile apu yao ya kutumiana hela, sina, sokoni wauzaji wengine hawashiki noti, wenzangu wakigawana bili ya chakula mimi naahidi kulipa siku nyingine mpaka nikaona aibu kutoka nao.

Benki moja ilinirudisha mara kadhaa, kila nikienda karatasi inayotakiwa ni nyingine. Baadae ndo nikajua sheria ya EU inampa mtu anayeishi kihalali haki ya akaunti ya msingi, nikaichapisha nikaenda nayo, wakafungua. Akaunti ya msingi lakini sio lazima ije na BankID, hiyo benki inaamua yenyewe. Hapo ndo penye hoja yangu na wenzangu wa ofisini hawaioni kwa sababu wao walipewa namba siku waliyozaliwa: nchi imechukua ufunguo wa kuwa mtu, ikaukabidhi kwa mabenki, na benki ikikufungia akaunti, kwa haki au kwa makosa, haujapoteza benki tu, umepoteza daktari, kodi na chumba cha kufulia. Serikali nayo imeanza kushtuka, inaandaa kitambulisho cha kidijitali cha serikali yenyewe, na kile kijitabu cha maandalizi ya vita na majanga walichotuma kila nyumba mwishoni mwa 2024 kinashauri watu waweke noti ndani. Yaani baada ya miaka yote ya kututangazia kwamba noti zimekufa.

Na uwazi wao una tundu moja la ajabu: ule wa mwananchi kuonekana na serikali wanautaka zaidi na zaidi. Yule kamishna wa EU aliyeleta pendekezo la 2022 la kukagua meseji za watu, lile linaloitwa Chat Control, ni Mswidi, Ylva Johansson. Nyumbani kwake nako serikali ikataka apu za meseji zihifadhi mawasiliano ili polisi wakihitaji wayapate, na Februari 2025 Meredith Whittaker, mkuu wa Signal, apu ya meseji, akasema ikipita hivo wao wanaondoka Sweden, maana kufanya hivo ni kuvunja enkripsheni, ile kufuli inayozuia wengine wasisome meseji zako, kwa wote. Jeshi la Sweden lenyewe lilipinga, na hilo jeshi ndo lilikuwa limeshawaambia watu wake watumie Signal kwa maongezi yasiyo ya siri. Kwa sisi tunaoandika hizi programu haihitaji digrii kuelewa, mlango wa polisi hauna akili ya kujua anayeingia ni polisi.

Kwenye kazi sasa, maana meseji nyingi ninazopata ni "kaka nifanyeje nije". Kazi zipo ila sio kama zamani, Spotify peke yake Desemba 2023 ilipunguza karibu asilimia 17 ya watu wake na kampuni ndogo nazo zikafuata mtindo. Sheria ya ajira inawalinda wafanyakazi sana, miezi sita ya majaribio ikipita kukufukuza sio rahisi, ila kazi zikipungua kanuni kuu ni aliyeingia mwisho anatoka kwanza, na mara nyingi aliyeingia mwisho ni nani kama sio mgeni? Halafu kibali nilichokuja nacho kilinifunga kwa mwajiri mmoja miaka miwili ya kwanza, kazi ikiisha nina miezi mitatu nipate nyingine, na Novemba 2023 kima cha mshahara wa kupata kibali kilipanda kutoka krona 13,000 mpaka asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi. Divelopa anakivuka bila shida, mpishi na mfanya usafi ndo wanabanwa. Lakini hata divelopa, mtu mwenye miezi mitatu mgongoni hagombani na chifu. Ile bahasha yangu ningeipeleka nikiwa bado na kibali cha kwanza? Nadhani ningeichana.

Kwa hiyo ukifika, kabla ya koti la baridi, jiunge na chama cha wafanyakazi na a-kassa, ule mfuko wa bima ya kukosa kazi, ni vitu viwili tofauti na wengi wanadhani kimoja kinaleta kingine. Fanya hivo wiki ya kwanza ya kazi. Ukisubiri mpaka uanze kusikia kwenye fika kwamba kampuni "inajipanga upya" umechelewa, malipo ya maana yanataka uwe umeshakaa mwanachama muda, na chama nacho hakipendi kupokea mtu aliyeingia mlangoni na kesi yake mkononi.