Ziwa Limechafuka au Limechafuliwa?

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu kijana huko Kadutu, mjini Bukavu. Kamati ya mtaa iliyosimamia salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi tuliyoizoea Kongo tangu enzi za Mobutu, iliniomba niligeuze tangazo lake la Kifaransa liwe Kiswahili, ili lisimamishwe ufukweni, karibu na mahali Mto Kawa unapoingia Ziwa Kivu. Kifaransa kilitumia kitenzi «polluer», yaani kuchafua. Mimi niliandika kwa rangi nyeusi juu ya ubao mweupe: ZIWA LIMECHAFUKA. TUSITUPE TAKATAKA. Sikuona kosa lolote la sarufi, na hata leo silioni.

Asubuhi ya Jumamosi niliwakuta ufukweni akina mama waliokuwa wakisubiri sambaza, wale dagaa wetu wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mmoja wao, aliyebeba beseni tupu kiunoni, aliniuliza kwa wasiwasi: «Mwalimu, usiku wa leo mitumbwi haitatoka?» Nilipomuuliza sababu, alinyoosha kidole kwenye ubao wangu. Kwake yeye, na kwa mtu yeyote anayeishi na maji, ziwa likichafuka maana yake mawimbi yameamka na mvuvi abaki nyumbani.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi, akitengeneza wavu wake, aliomba asomewe maandishi hayo. Nilimsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akachomoa kutoka kwenye matundu ya wavu kipande cha sashe ya buluu, yaani mfuko wa plastiki, kimejikunja kama kamba na kimenata magamba ya samaki, akakiweka kiganjani mwangu.

«Mwanangu, ziwa linachafuka kwa upepo, na kesho linatulia lenyewe. Hii nayo itatulia yenyewe?»

Sikuwa na jibu, ingawa nilikuwa nimefundisha kauli za vitenzi miaka mitatu. Tunasema pasua na pasuka, zibua na zibuka, chafua na chafuka. Kitenzi cha pili katika kila jozi kinaeleza hali iliyokipata kitu, bila kumtaja aliyeifanya wala kumwachia nafasi. Huwezi kusema «ziwa limechafuka na watu», sentensi yenyewe inakataa. Sema «limechafuliwa», na hapo hapo msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Nilikuwa nimechagua, bila kukusudia, umbo la kitenzi linaloufanya uchafu ule uonekane kama hali ya hewa. Moyo huchafuka mtu anapotaka kutapika, mawingu yakitanda hali ya hewa huchafuka. Katika yote hayo hatumtafuti mkosaji. Lakini ile sashe ilikuwa na mwenyewe.

Na mwenyewe angeweza kuwa mimi. Katika nyumba niliyopanga, mvua kubwa ya usiku iliponyesha, tulifanya kama majirani: tulimwaga takataka kwenye mfereji na maji yakazichukua. Mfereji huteremkia Kawa, Kawa huingia ziwani, na maji ya ziwa hutoka kupitia Mto Ruzizi, ambako plastiki huziba njia ya maji ya bwawa la umeme la Ruzizi I, mpaka mitambo isimame ili isafishwe. Mara ngapi tulikaa gizani Kadutu tukilalamikia umeme, na sashe zetu zikiwa ndizo zilizotangulia kufika bwawani!

Yule mama mwenye beseni hakungoja nimalize kufikiri. «Wanatuchafulia maji,» alisema, «na maji haya ndiyo tunayopikia.» Neno lake lilikuwa bora kuliko langu na kuliko la Kifaransa. Katika «wanatuchafulia maji» wamo watendaji, wamo watendewa, na yamo maji, vyote ndani ya kauli moja ya mtu asiyefikiria sarufi hata kidogo.

Jioni nilirudi kwa kamati nikapendekeza tuandike: SISI NDIO TUNAOLICHAFUA ZIWA. Mjadala ulikuwa mrefu. Wengine walitaka «watu wanalichafua», wengine «mnalichafua», na mzee wa kamati, mtu mwema niliyemheshimu sana, alikunja uso akasema: «Mwalimu, utatuchafulia jina la mtaa.» Nilimjibu kwa adabu kwamba jina la mtaa linaweza kusafishwa kwa salongo moja, na kwamba kibao kikisema «watu», kila anayekisoma atamfikiria jirani yake. Alikubali kwa shingo upande.

Tulipaka ubao rangi nyeupe na kuandika upya. Rangi ilikuwa nyepesi mno. Jua lilipopiga, neno LIMECHAFUKA liliendelea kuonekana chini ya sentensi mpya, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilishuka tena ufukweni na kopo langu la rangi, nikaupaka mara ya pili.